Deheni ya Mashua ya Ruvuma

Mashua ya serikali iliyovusha watu katika mto Ruvuma, kusini ya boma la Songea, ilikuwa na mtu mmoja wa kuitunza. Aliitwa Chande, Myao wa Nalasi, mwaminifu katika kazi na mwoga katika mambo mengine yote. Nasema mwoga tangu mwanzo ili msomaji asimtafutie ushujaa ambao hakuwa nao. Alikuwa amewaona watu wakichapwa viboko mbele ya boma, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kutazama chini.

Kazi yake alijifunza Lindi katika ujana wake. Ilikuwa kazi ya kupaka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaopakwa sehemu ya chini ya chombo, ile inayokaa majini. Kule pwani wanatumia sifa, mafuta ya papa yanayonuka hata mtu akioga. Chombo kisichopakwa huko huliwa na wadudu kikawa kama chujio. Ruvuma haina wadudu wale wa maji ya chumvi, lakini ina utelezi wa kijani unaolainisha mbao, na ina konokono wadogo wanaojibandika palipoungwa ubao na ubao. Mashua ikiachwa mwaka mzima bila kutunzwa huwa nzito, halafu huanza kuvuja, halafu huoza.

Kwa hiyo kila kiangazi Chande na wapiga kasia waliipandisha ukingoni, wakaipindua juu ya magogo. Chande aliikwangua kwa ganda la kombe, akaiacha ikauke, akashindilia pamba katika nyufa, kisha akaipaka. Hakuna aliyemsimamia, wala hakuhitaji kusimamiwa.

Mwaka ule wa 1905 sifa haikuja. Kwanza ilisemwa kwamba msafara wa Lindi umechelewa. Baadaye ikasemwa kwamba njia imefungwa, kuna vita huko mashariki. Boma likaleta amri kwamba mashua iwe tayari upesi, mafuta yawepo yasiwepo.

Chande akaanza kujaribu mafuta ya bara. Alipaka vipande vya mbao, kila kipande mchanganyiko wake, akavifunga kwa kamba na kuvizamisha mtoni. Ya ufuta yalitoka upesi kama jasho. Shahamu ya ng'ombe ilishika vizuri, lakini alipoitoa ili kuitazama, jua liliiyeyusha, na fisi akaja akaondoka na ubao wenyewe. Nta ya nyuki ilizidi zote, ila nta yote ya nchi ilikuwa ikichukuliwa na boma. Yakabaki mafuta ya mbarika, yaani nyonyo. Haya, yakichemshwa pamoja na chokaa mpaka yawe mazito kama uji wa mzazi, yaling'ang'ania ubao, na konokono hawakuyakaribia. Chande akachagua mbarika.

Kwa mashua, uchaguzi ule ulikuwa mzuri kabisa. Kwa shingo yake ulikuwa kitanzi.

Maana kutoka mashariki zilikuja habari za dawa. Ilisemwa kwamba ni maji yaliyotiwa mafuta ya mbarika na mtama, na kwamba aliyenyunyiziwa au kupakwa, risasi ya Mjerumani haimpenyi. Dawa hiyo ilikuwa na miiko, na mwiko mkubwa ulikuwa huu: mwanamume aliyeipokea asimkaribie mkewe. Waliokuwa wakiitembeza kijiji kwa kijiji waliitwa hongo, na walikuja kwa siri, wakijisingizia kazi nyingine.

Chande naye alikuwa na mwiko, ila alikuwa ameupata Lindi, na haukuwa na uhusiano wowote na vita. Mafundi waliomfundisha walishika kwamba mpakaji deheni, akishaanza kazi, haingii nyumbani kwa mkewe mpaka chombo kiguse maji. Hivyo alijijengea kibanda cha nyasi kando ya mashua akalala humo. Mkewe, Zena, alimletea chakula, akakiweka mbali kidogo, akarudi kijijini.

Watu waliyaona yote hayo. Fundi aliyejifunzia kazi mashariki, chungu chake cha mbarika motoni, na mume aliyetengana na mkewe bila ugomvi. Wakapata jibu lao.

Zena ndiye aliyemletea habari. Alisimama pale alipozoea kuweka chakula, hakuondoka.

"Mwenzangu," akasema, "wanawake kisimani wameacha kunisukuma. Nikifika wananipisha niteke kwanza."

"Si vizuri?"

"Si vizuri. Mimi nimezoea kusukumwa."

Chande akaacha kukoroga.

"Wanasema wewe ni hongo," Zena akaendelea. "Wanasema boma halijui limeweka nini hapa ukingoni."

"Hukuwaambia ni ya mashua?"

"Nimewaambia. Wakacheka, wakasema mke wa hongo atasema nini tena? Njoo ulale nyumbani, wakuone unatoka asubuhi umejikunja kama waume wengine. Maneno yataisha."

Shauri lile lilikuwa jema. Lakini Chande aliwaza: nikivunja mwiko na mashua ikavuja, ni viboko. Mtu mwenye hofu mbili mara nyingi huitii ile aliyoizoea. Akabaki kibandani.

Zena alikuwa na kaka, Daimu, aliyekaa na baba yao ng'ambo ya mto. Alikuwa mtu wa mzaha, na hakuna siku aliyoonana na Chande asimtanie. Alasiri moja alivuka kwa mtumbwi pamoja na wanaume wa kwao, wakiwa na mikuki na bunduki chache za gobori.

"Hodi kwa mlamu anayelala porini kama ngiri!" alipaza sauti.

"Karibu, mlamu. Mbona mikuki?"

"Tumekuja kuuliza. Umemkimbia dada yetu, au amekufukuza kwa harufu?"

Chande alicheka. Wale wengine hawakucheka. Walikuwa wakikitazama chungu, kilichokuwa kimeepuliwa kipoe.

Daimu akainama, akanusa. "Mbarika?"

"Mbarika na chokaa. Ni deheni. Ya mashua."

"Anasema ya mashua," Daimu akawaambia wenzake.

"Hata hongo aliyefika kwa wajomba zangu alisema anauza chumvi," mmoja akajibu, na hapo ndipo walipocheka.

Chande alikwenda penye magogo ya mashua. Akachukua kimoja cha vile vipande vyake vya majaribio, kilichopakwa vizuri na kukauka, akakiegemeza kwenye gogo. "Wallahi, Daimu, ni ya mashua. Haya, tupa mkuki uone."

Daimu alitupa. Mkuki ukapenya ubao, ncha ikatokea upande wa pili.

"Mmeona?" Chande akasema, karibu kwa furaha. "Mmeona wenyewe?"

Wakaukagua ubao. Kisha mzee mmoja miongoni mwao akatikisa kichwa. "Ubao haukushika mwiko," akasema. "Ubao haukumwacha mke." Wote wakaafiki kwamba jambo hilo ni kweli.

Basi Daimu akamvuta shemeji yake kando, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha.

"Nisikilize. Hawa wametumwa kuja kuichoma mashua ya Mjerumani. Njia nzima nimewazuia kwa neno moja tu, kwamba hii si mashua ya Mjerumani tena, ni maficho ya dawa. Umeshasema mara mbili ni mafuta ya mashua, nao wamedhani unawapima. Ukisema mara ya tatu, wataamini. Wataichoma, na wewe mtunzaji wake watakutupa humo humo, na mimi sitaweza kuwazuia. Sasa nitakuuliza mbele yao. Mimi mwenyewe nataka kujua."

Akamrudisha mbele ya wenzake. "Mlamu, ni mafuta ya mashua au ni dawa?"

Chande alifungua kinywa. Alimwona mmoja wa wale watu akiokota kijinga cha moto kutoka mekoni, akikipulizia taratibu ili kisizimike. Hakusema ni dawa. Jambo hilo alilishikilia baadaye kama mtu anavyoshikilia unyasi katika mafuriko. Lakini hakusema ni ya mashua. Alinyamaza, akatazama chini.

Daimu alisubiri. Kisha uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Akachovya kidole chunguni, akajipaka kwenye paji la uso, alama nyeupe iliyotoka penye nywele hadi kwenye nyusi.

"Usiguse macho," Chande akasema. "Inachoma."

Hilo lilimtoka bila kufikiri. Ni onyo ambalo kila mpakaji deheni humpa msaidizi wake, maana chokaa humpofusha mtu. Lakini Daimu aliwageukia wenzake, macho yakimng'aa. "Mmesikia mwiko?"

Wakajipaka wote, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, wakiiweka mikono mbali na macho. Yule mwenye kijinga alikizima mchangani. Wakajaza kibuyu, wakavuka kurudi kwao, na hakuna aliyeigusa mashua hata kwa kucha.

Watu hupenda kusema kwamba kunyamaza si kusema uongo. Ni maneno ya kujifariji. Anayeulizwa swali lenye uhai wa watu ndani yake, akanyamaza ili kila mtu aamini atakalo, amekwisha kujibu. Simhukumu Chande kuliko ninavyotuhukumu sisi wengine. Hata hivyo sitaki kulipa tendo lake jina zuri.

Alirudi kazini. Deheni aliyobakiwa nayo haikutosha. Aliipaka mashua pande zote mpaka karibu na mkuku, ule ubao mnene wa chini kabisa unaobeba mashua nzima, na hapo chungu kikaisha. Ulibaki ukanda mtupu kando ya mkuku, pamba ikionekana katika ufa. Alijiahidi kwamba kesho yake angechemsha nyingine.

Asubuhi yake walikuja askari, kundi kubwa lililotoka boma, likiongozwa na ombasha, yaani koplo, aitwaye Bashiru. Uvumi wa kisimani ulikuwa umefika Songea. Kabla ya salamu Chande alikuwa amekwisha fungwa mikono, na kamba ya pili ilikuwa imeviringishwa begani mwa askari mmoja aliyekuwa akichagua mti kwa macho.

"Wewe ndiyo fundi ya dawa?" ombasha akauliza.

"Mimi fundi wa mashua, bwana ombasha."

Bashiru aliinua chungu, akakigeuza kwenye mwanga. Ndani, kote ukingoni, palikuwa na michirizi ya vidole. Vidole vya watu wengi, vinene na vyembamba.

"Mashua yako ina vidole?"

Bashiru akaamuru mkewe aitwe. Zena akaletwa kutoka kijijini, akasimamishwa mbele ya ombasha.

"Mume wako analala wapi?"

Zena aliitazama kamba ile ya pili. Alijua vizuri jibu gani lingemwokoa mumewe na jibu gani lingemwua. Lakini kijiji kizima kilijua Chande analala wapi, na askari wangeuliza nyumba ya pili.

"Analala hapa," akasema. "Haingii kwangu."

Askari wakanong'ona.

"Kwa nini?"

"Ni mwiko wa mafundi wa Lindi. Mpaka chombo kiguse maji."

"Maneno hayo ya mwiko," Bashiru akasema polepole, "nimesikia kwa kila mtu tuliyemnyonga huko njiani."

Akaashiria kwa kidevu. Yule askari akaanza kuifungua kamba begani.

"Basi iguse maji!" Chande akapiga kelele. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Bwana ombasha, ishushe mtoni! Dawa haizibi mashua. Kama nimeipaka uongo, tutazama. Kama ni deheni, utafika ng'ambo miguu mikavu!"

Alikuwa akiifikiria shingo yake tu. Maneno yalipokwisha kutoka ndipo alipokumbuka nani yuko ng'ambo. Ndipo alipokumbuka pia ule ukanda mtupu kando ya mkuku.

Bashiru aliutazama mto. Kwa vyovyote alikuwa na amri ya kuvuka. "Vizuri," akasema. "Wewe na mke wako mtakaa chini kabisa, ndani. Maji ikigusa kiatu yangu, mnakwenda kwa mamba."

Mashua ikashushwa, askari wachache wakashika makasia. Chande alifunguliwa mikono apate kuwaelekeza, akaketi sakafuni, juu ya ule ufa aliokuwa akiujua yeye peke yake. Askari waliobaki walijipanga juu, bunduki zikiwa tayari. Hawakuwa wamefika katikati ya mto alipohisi ubaridi ukipanda katika nguo yake. Maji yalikuwa yakiingia, kidogo kidogo, kwa subira. Kiatu cha ombasha kilikuwa karibu na goti lake. Chande alibana miguu, akajilaza upande, akaomba Mungu kimoyomoyo kwa dua zote alizozijua na nusu ya zile alizozisahau.

Zena aliona nguo ya mumewe ikibadilika rangi. Alichana pindo la kaniki yake taratibu, akisubiri kila pigo la kasia ili sauti ya kuchanika isisikike, akampitishia kitambaa chini ya goti. Chande akakishindilia katika ufa kwa kidole gumba, akabaki amekikandamiza hivyo, jasho likimtoka, mpaka mashua ikagusa mchanga.

Miguu ya ombasha ilikuwa mikavu.

Wakati huohuo watu walisimama katika matete ya ng'ambo. Hawakujificha nyuma ya miti wala hawakulala chini. Walisimama wima, vifua wazi, na kila paji la uso lilikuwa na alama nyeupe iliyotoka penye nywele hadi kwenye nyusi. Chande aliziona alama zile kabla ya kuziona nyuso. Alitaka kupiga kelele waanguke chini. Akatazama chini, kama alivyotazama jana.

Bunduki zikalia. Zikalia tena. Waliobaki walikimbilia porini, na askari wakaruka kuwafuata. Bashiru alipokuwa akishuka alimgusa Chande begani kwa kitako cha bunduki. "Kweli, wewe fundi ya mashua," akasema, akaenda zake.

Daimu alikuwa ameanguka penye maji machache, karibu na mashua. Zena alimfikia kwanza, akakiweka kichwa chake pajani. Bado alikuwa hai. Alimtafuta shemeji yake kwa macho mpaka akampata.

"Mlamu," akasema, "sikugusa macho."

Muda si muda akakata roho.

Mto ulitulia. Zena hakulia mara moja.

"Macho gani?" akauliza.

"Chokaa inachoma. Nilimwonya asiguse."

"Na kabla ya hapo ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ni ya mashua. Nilimwambia mara mbili, Zena, wallahi."

"Alikuuliza tena?"

Chande alinyamaza.

"Basi hivyo ndivyo ulivyomjibu," Zena akasema.

Akamfunga kaka yake kidevu kwa kitambaa, akasimama. "Baba atauliza mwanawe amekufaje. Utamwambia wewe."

"Wataniua."

"Huenda."

Angeweza kupanda mashua na kurudi upande wa boma, ambako sasa alikuwa mtu safi. Alimtazama mkewe, akaitazama mashua. Kisha akamwinua Daimu mabegani, akaanza kupanda njia ya kijijini, na kila hatua ilikuwa ngumu kuliko ile ya nyuma yake. Nimeelezwa kwamba meno yalikuwa yakimgongana hata Zena, aliyetangulia mbele, aliyasikia.

Uani kwa mkwewe palikuwa na wanaume waliorudi kutoka mtoni na wengine ambao walikuwa bado hawajakwenda, wenye alama mpya, wakinoa mikuki. Kibuyu kilikuwa katikati yao. Chande aliulaza mwili, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee akajibu, macho yakiwa kwa mwanawe.

"Baba, hakuvunja mwiko wowote. Msimsingizie. Ilikuwa deheni. Mafuta ya kupaka mashua. Aliniuliza mbele ya wenzake nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kuchomwa. Hata hiyo iliyo katika kibuyu ni ya mashua."

Waliokuwa wakinoa mikuki waliacha. Kijana mmoja alisimama na mkuki wake. Chande alimwona, akafumba macho, akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mtu amemuuliza mara ya tatu: "Ni ya mashua!"

Mkuki haukutupwa. Alipofumbua macho, mzee alikuwa amekichukua kibuyu na kukimimina chini. Kisha aliwageukia vijana waliokuwa bado hai.

"Naweni nyuso," akasema. "Wachukueni wanawake na watoto mwende milimani. Sasa hivi."

Baadhi walinawa wakaenda. Wengine hawakumwamini Chande hata hapo. Walisema boma limemtuma kuwavunja nguvu, wakaenda na alama zao kulikokuwa na vita. Ukweli uliochelewa huwapata wachache.

Mzee alimwambia Chande achimbe kaburi peke yake. Lilipokwisha, akampa hukumu. "Mwanangu ana shamba na ana watoto. Utalima hilo. Ukisikia njaa, wao wale kwanza."

Njaa ilikuja kweli, kwa kuwa askari walichoma maghala na mashamba ya nchi nzima. Chande alilima shamba la Daimu kwa jembe lililokatika mpini, akichimba mizizi porini ili wale watoto wale kwanza. Boma lilipotuma mtu kumwita arudi kwenye mashua, alimjibu kwamba hawezi kuja, ana kazi. Alisema hayo akitetemeka, na mjumbe alipokwisha kuondoka ilimbidi aketi chini.

Zena alikuwa akipalilia mstari wa pili. Aliinuka, akamtazama kitambo, kisha akahamia mstari wa mumewe, wakaendelea kulima pamoja.